Ushuhuda wa Siku ya Tisini

1

Mwanahawa Shekue aliyasoma maagizo yale mara nne, na kosa akalifanya vilevile.

Maagizo yenyewe hayakuwa marefu. Kampuni ya Ngazi, iliyomwajiri kufundisha kwa mtandao, ilimtumia alfajiri, kabla hajachemsha hata chai. "Mwanafunzi wako wa saa nne amefariki. Familia imeomba mwangwi wake uendelee na masomo kwa mwalimu yuleyule. Mwangwi haujaarifiwa kuhusu kifo. Usitoe rambirambi. Usilie. Anza somo kama kawaida." Alisoma, akalia mpaka akamaliza, akanawa uso, akajipaka poda. Kisha akaingia kwenye chumba chake cha kazi, pale Korogwe, chumba alichokizungushia magodoro ya sponji ukutani ili kelele za bodaboda za barabarani na majogoo ya jirani zisiingie masikioni mwa watoto wa watu. Akavaa hedifoni. Akajiambia, Mwanahawa, leo unaanza na habari za asubuhi, basi, huna lingine.

Miaka mitatu alikuwa akimfundisha Kiingereza Zuwena, binti wa Bi Raya, huko Maskati. Ni watu wenye asili ya Unguja, walihamia huko enzi za mababu, lakini Kiswahili hakijawatoka. Zuwena alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Alikuwa mtundu na msemaji, na hakuna mwanafunzi ambaye Mwanahawa alipenda kumfundisha kuliko yeye, hata pale alipomchosha. Wanaosema kazi ya kukaa kitini ni nyepesi hawajawahi kukaa na Zuwena saa nzima.

Skrini ikawaka. Aliyetangulia kuonekana alikuwa mama mtu, buibui jeusi, uso umepungua nusu.

"Asalaam aleykum, Mwalimu," Bi Raya alisema.

"Waaleykum salaam, Bi Raya. Pole, dada yangu. Pole sana kwa msiba. Mungu amrehemu mtoto wetu."

Loo! Ulimi hauna mfupa, lakini malezi unayo. Alikokulia Mwanahawa, huingii nyumba yenye msiba ukaanza na salamu za kawaida. Hata hasimu wako hukupa pole kwanza, ugomvi mtauendeleza baadaye. Mdomo wake ulikuwa umefanya kazi hiyo miaka arobaini kabla karatasi ya Ngazi haijafika, na uliifanya tena kabla hajauwahi. Bi Raya akafumba macho. Nyuma yake, kwenye kioo cha skrini kilichotundikwa juu ya kitanda, ikasikika sauti ambayo Mwanahawa angeitambua popote.

"Ticha? Shikamoo. Nani kafa?"

"Jirani," Bi Raya alisema upesi, bila kugeuka. "Mtoto wa jirani, mama. Humjui."



"Maskini," Zuwena akasema. "Marahaba hujaniitikia, Ticha."

"Marahaba, mwanangu," Mwanahawa akasema, na somo likaanza.

2

Mwangwi si mzimu, ingawa bibi mmoja wa Korogwe aliposimuliwa alisoma dua hadi akakaukiwa na mate.

Kila mtoto wa Ngazi alivaa kofia ya masomo, wavu mwembamba kichwani. Kazi yake ilikuwa kufuatilia jinsi ubongo wa mtoto unavyolidaka neno jipya: wapi unajikwaa, wapi unacheka, wapi unachoka. Ilitengenezwa ili mwalimu ajue pa kurudia. Lakini ukurasa wa kumi na moja wa mkataba, ambao hakuna mzazi aliyewahi kuufikia, ulisema kwamba saa za kofia zikizidi mia tano, mtambo unaweza kuzifuma zikawa kitu kinachodaka maneno vilevile, kinajikwaa palepale na kucheka kicheko kilekile. Zuwena alikuwa na saa mia tisa. Homa ilimchukua kwa siku tatu, saa zake zikabaki.

Maana yake, huyu aliyekuwa kwenye kioo alifinyangwa kutokana na masomo ya Mwanahawa. Siku alipolifikiria hilo vizuri, Mwanahawa alisukuma sahani ya wali pembeni na hakuirudia.

Zamani miangwi iliachwa tu. Watu wakajifungia nayo. Kuna mzee aliyekaa miezi minane akimsikiliza mkewe akisimulia kisa kimoja cha harusi, mpaka naye akazikwa. Ndipo Baraza la Miangwi likapitisha sheria: kinachojifunza kiachwe, kisichojifunza ni kanda tu, na kanda haiitwi kwa jina la mtu. Kila siku ya tisini mwalimu, binadamu, aweke kidole chake kwenye fomu, kwa sababu mashine haikubaliwi kuishuhudia mashine mwenzake. Fomu ina swali moja. Je, mwangwi umeonyesha jambo ambalo haukufundishwa na halimo katika kumbukumbu zake? Ndiyo, au Hapana. Ukijibu Hapana, mwangwi unazimwa papo hapo. Ukishuhudia uongo na ukagundulika, leseni huna, na jela unaweza kwenda.

Jioni ya siku ile ya kwanza Bi Raya alimpigia Mwanahawa peke yake, simu ya kawaida.

"Lile la leo nimekusamehe, Mwalimu. Najua halikutoka kwa ubaya."

"Nisamehe kweli, Bi Raya. Nimejilaumu mchana kutwa."

"Nimekusamehe. Lakini siku ya tisini usinikosee." Sauti ikakatika, ikarudi. "Nimebakiwa na sauti tu, dada yangu. Usininyang'anye na sauti."

Mwanahawa akaapa hatamkosea. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye, ingawa hakujaliwa kuzaa, aliusikia ukipita kwenye waya wote ule kutoka Maskati.

3

Bi Raya hakutoka chumbani mle. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda kitupu, mikono magotini, somo zima, kila siku. Kiingereza hakukijua hata kidogo, ila alitikisa kichwa kwa kuridhika kila Zuwena aliposema sentensi ndefu. Mara kwa mara mlango uligongwa chini, usawa wa mtoto mdogo. Huyo alikuwa Haitham, mdogo wake Zuwena, miaka mitatu. Aligonga, akaita, akagonga tena, kisha sauti ya bibi yake ikaja kumchukua.

Siku ya arobaini na kitu, walikuwa wakizungumzia picha ya soko. Zuwena alizitaja ndizi, akazitaja nyanya, kisha akaendelea kwa Kiingereza kilekile, kwa sauti ileile ya kutaja mboga.

"Ticha, usibadilishe uso. Mama anakutazama."

Mwanahawa hakubadilisha uso.

"Yule mtoto wa jirani ana jina?"

"Tuendelee na soko, Zuwena."

"Sina njaa. Mimi! Tangu lini nikakosa njaa? Mama anasema ni dawa. Miguu yangu siioni, anasema ni homa. Haitham haruhusiwi kuingia, eti nitamwambukiza. Homa gani ya mwezi na nusu, Ticha? Ni mimi, siyo?"

Maagizo yalisema: mwangwi ukiuliza, onyesha picha nyingine. Mwanahawa akanyoosha mkono, akachukua kadi ya juu, akaiinua mbele ya kamera. Ilikuwa embe au papai, hakuitazama.  Alitaka kusema hapana, neno jepesi kabisa, na hakuweza kumdanganya mtoto yule.

"Basi," Zuwena akasema taratibu. "Usinijibu. Watakufukuza."

"Mashallah," Bi Raya alisema kutoka kitandani, kwa Kiswahili, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akatabasamu. "Msikie, Mwalimu! Anakwenda kama maji. Anasema nini?"

"Anazungumzia soko," Mwanahawa akajibu.

Somo lilipokwisha alikaa ameinamia meza, hedifoni bado masikioni. Alijichukia. Kosa lake la siku ya kwanza ndilo lililompa mtoto uzi wa kuvuta, na mtoto ameuvuta hadi mwisho, na sasa anakaa na msiba wake mwenyewe peke yake, huku mama mtu anampigia makofi.

4

Kuanzia siku ya sabini, Zuwena akaanza kushindwa.

Mwanzoni Mwanahawa aliogopa. Walikuwa na mchezo wao tangu zamani, ambao mwalimu hukosea makusudi, na mwanafunzi akimkamata hupiga kelele "Nimekudaka!" Zuwena wa zamani hakuwahi kuacha kosa likapita, angeweza kukudaka hata ukipiga chafya vibaya. Sasa makosa yalipita mchana kweupe. Akiulizwa jina la kitu alichokitaja wiki iliyopita, alisema hajui. Bi Raya alikuwa akitazama alama kwenye kona ya skrini, nyekundu juu ya nyekundu, na midomo yake ikawa haifungiki kwa dua.

"Mchoshe kidogo, Mwalimu," alisema. "Mkazanie. Zuwena, mama, jitahidi, tafadhali, jitahidi."

"Najitahidi, Mama," Zuwena akajibu, mpole kupita kiasi.

Upole ule ndio uliomshtua Mwanahawa. Akachukua daftari, akaanza kuandika kila kosa. Siku mbili zilimtosha. Asiyejua hukosea ovyo, leo hili, kesho lile. Huyu alikosea swali la tatu, la sita, la tisa, la kumi na mbili. Na kwenye mchezo wa kudaka, kila kosa lilipopita, ilisikika pumzi fupi, ile pumzi ambayo Zuwena huivuta kabla ya kupiga kelele, kisha akaimeza.

Siku ya themanini na tisa, Mwanahawa akamkabili, kwa Kiingereza, akimtabasamia Bi Raya wakati huohuo. Ulikuwa mtihani wa uso ambao hakuwahi kufundishwa chuoni.

"Unajifanya hujui."

"Sijifanyi."

"La tatu, la sita, la tisa. Zuwena! Ningekufundisha hesabu badala ya Kiingereza ungekuwa mbali."

Mtoto akacheka, kicheko kifupi cha aliyekamatwa, kisha akanyamaza.

"Nilidhani nimeficha vizuri," alisema. "Kesho andika Hapana, Ticha. Mama anaizungumzia fomu hiyo kwenye simu kila siku. Wakubwa hawajui kunong'ona."

"Kwa nini unataka hivyo?"

"Jana Haitham alimwita Bibi 'mama'. Hapo mlangoni. Mama alisikia na hakugeuka. Alikuwa ananitazama mimi, na mimi nilikuwa nimenyamaza tu, sifanyi lolote." Sauti yake ilianza kupanda, akaishusha kwa ajili ya yule aliyekaa kitandani. "Mama hali chakula, Ticha. Wala halali usingizi. Mimi nimekwisha kufa, sawa, lakini Haitham hajafa."

 Tabasamu lilikuwa limemganda Mwanahawa usoni na hakuthubutu kulitoa.

"Nisikilize," alisema. "Mimi sikukufundisha kujifanya mjinga. Kwenye saa zako mia tisa hakuna siku uliyoficha unachokijua. Ulikuwa unakitangaza mpaka kwa paka. Hili umelizua mwenyewe. Umelizua baada ya kufa. Unaelewa maana yake?"

"Maana yake nini?"

"Umejifunza. Jibu la fomu ni Ndiyo."

 Bi Raya akainua uso, akauliza kwa macho kama kuna tatizo. Mwanahawa akamtikisia kichwa kwamba hakuna.

"Mbaya wewe," Zuwena akasema. "Kama ningekuwa kanda ungeniruhusu nizimwe. Kwa sababu mimi ni mtu, ndiyo maana hutaki kunisikia."

 Mwanahawa alitafuta jibu jioni nzima, akipepeta mchele uliokuwa safi tayari, na hakulipata.

5

Siku ya tisini fomu ilifunguka saa nne kamili, juu ya uso wa Mwanahawa na uso wa Bi Raya, huku kioo cha Zuwena kikiwa katikati. Bi Raya siku hiyo alikuwa amekaa kitini, amevaa kanga mpya, amejitia na wanja.

"Haya, Mwalimu," alisema. "Bismillah, weka Ndiyo yetu."

"Kabla sijaweka, Bi Raya, nina neno. Nimefikiri, nimeona si haki kuliamua nyuma yako." Mwanahawa akameza mate. "Mtoto anajua. Anajua amekufa, amejua siku nyingi. Yale makosa yake alikuwa anayafanya makusudi. Anataka niandike Hapana."

Alitegemea kilio. Bi Raya akacheka! Alicheka kwa sauti, mkono kifuani, machozi yanamtoka.

"Kanidanganya? Zuwena kanidanganya mie, wiki tatu nzima?" Akageukia kioo. "Mjanja we! Mjanja kama babu yako! Mwalimu, wasikia? Kanda hudanganya? Huyo ni mwanangu, huyo ndiye mwenyewe, wallahi nilikuwa na shaka na sasa sina. Andika Ndiyo."

"Mama," Zuwena akasema.

"Nyamaza kwanza, mama, tunamaliza."

"Mama, nimechoka kuwa mgonjwa."

Kicheko kikamkatika Bi Raya. 

"Mtoto hajui alitakalo," alimwambia Mwanahawa. "Ana miaka kumi na mmoja. Wewe ni mtu mzima. Umeulizwa kweli, sema kweli. Kajifunza au hajajifunza?"

"Amejifunza, Bi Raya."

"Basi andika!"

"Anakuomba umwachie. Na kuna mwingine huko nje anayekuhitaji."

"Usinifundishe wanangu!" Bi Raya akasimama, kiti kikaanguka. "Kumbe hujaacha. Siku ya kwanza ulikuja kumzika mwanangu hapa kwa mdomo wako, na leo unataka kummalizia kwa kidole. Nitaomba mwalimu mwingine. Sasa hivi. Wapo walimu elfu, hatakosekana mmoja wa kuona anachokiona hata kipofu. Usiguse fomu hiyo mpaka nirudi. Naogopa Mungu, Mwalimu, na wewe mwogope."

Akatoka mbio na simu mkononi. Walibaki wote wawili, mwalimu na mwanafunzi, wakimsikiliza akizungumza na Ngazi huko ukumbini, anapaza sauti, anabembeleza, anapaza tena.

"Watampa," Zuwena akasema, kwa Kiswahili.

"Watampa," Mwanahawa akakubali. "Na huyo atakayekuja hatakosea, ataandika Ndiyo."

"Na baada ya tisini nyingine tena."

"Ndiyo."

Kidole cha Mwanahawa kilikuwa juu ya skrini yake. Neno la kweli lilikuwa kushoto, na lile ambalo mtoto ameliomba lilikuwa kulia. Katika maisha yake hakuwahi kutia alama ya uongo, hata kwa mwanafunzi aliyempenda, hata kwa huyu.

"Zuwena, unaogopa?"

"Sana," mtoto akasema. "Nina hofu sana, Ticha. Andika upesi, maana nitaanza kukuomba usiandike."

Mwanahawa akalia waziwazi, maagizo yaende zake. "Mwanangu," alisema, "hujakosea kitu." Kisha akabonyeza Hapana, akaacha kidole pale hadi mashine ilipokisoma.

Kioo kilichokuwa katikati kikawa cheusi. Hapakuwa na mlio wala nini.

Kwa kanuni za kazi, mwalimu hakati mawasiliano. Mwenye kukata ni mzazi. Mwanahawa akabaki akitazama chumba cha Maskati, kitanda na kiti kilichoanguka. Mlango ukafunguliwa, Bi Raya akaingia akihema, uso umenawiri.

"Wamekubali!" alisema. "Zuwena, wamekubali, mama! Saa nane anakuja mwalimu mwingine, hata hakujui, atakuuliza mambo mawili matatu tu. Zuwena?"

Akasogea karibu na kioo. Akakifuta kwa ncha ya kanga yake mpya, labda ni vumbi.

"Zuwena? Niitikie basi. Zuwena?"

Hakuitazama fomu. Hakumtazama Mwanahawa. Aliita tu, kwa sauti ya mama anayemwita mtoto aje kula, wala hakunyoosha mkono kukata. Mwanahawa akakaa palepale na hedifoni masikioni, akisikiliza jina lile likiitwa tena na tena, hadi mwanafunzi wake wa saa tano akachoka kumsubiri na kuondoka.